Isikeli wa Kwanza Kwenye Orodha

Jumatatu, 4 Machi

Praneel ameingia ofisini ameloa chapachapa, akaweka chapati mezani kabla hata ya salamu. Nikajua kuna kazi. Bosi wangu hagawi chapati za mama yake bure.

Kazi yenyewe: kamati ya misaada ya makanisa inataka ukurasa wa kutafutia watu. Kimbunga bado kiko mbali kaskazini, lakini wanasema Alhamisi kitapita juu ya kisiwa cha Kadavu. Watakaokimbilia mashuleni na makanisani wataandikwa. Jamaa zao walioko huku mjini Suva waandike jina kwenye simu, wajue mtu wao yuko kituo gani. Nemani, mwenzangu wa ofisini, atapokea orodha na kuziingiza. Mimi nitengeneze kisanduku cha kutafutia. Lini? Kesho jioni.

Nikasema, mbona ndogo hiyo. Mistari kumi na tano ya programu. Nemani akacheka kile kicheko chake cha puani. Ni mtani wangu — mizimu ya kwao na ya kwetu ni ndugu tangu zamani, basi ana ruhusa ya kunitukana asubuhi mpaka jioni. Akasema watu wa Kadavu wakikuambia kumi na tano, andaa mia.

Isikeli kapiga simu mchana. Ni mtoto wa mama mdogo Makereta ninayekaa naye, kwa hiyo ni mdogo wangu, hapa hamna cha binamu. Alikwenda kijijini kwetu Natokalevu, Kadavu, mwezi uliopita kuezeka upya nyumba ya bibi. Kaniuliza arudi na meli ya kesho au amalize paa? Nilikuwa na chapati mdomoni. Nikamwambia amuulize mama yake. Mama yake akamwambia paa la bibi halijiezeki. Basi amebaki.

Kijijini wanamwita Sufuria. Alipokuwa na miaka minne alivaa sufuria kichwani ikakwama, ikatoka kwa sabuni na maombi. Sasa ana ishirini na saba na bado ni Sufuria. Kule kwetu hakuna anayeitwa kwa jina lake. Majina yamerudiwa mno: mtoto hupewa jina zima la babu au la bibi, la kwanza na la pili, na kila ukoo una wajina tele. Mimi mwenyewe ni Vasiti wa nne. Jina la ubatizo ni la shuleni na la kaburini. Katikati hapo ni utani tu.


Jumanne, 5 Machi

Nimemaliza kabla ya saa nane mchana! Mistari kumi na miwili.

Niandike hapa nilivyofanya, maana leo nimejipenda. Kila mtu ni kadi: jina, kijiji, umri, kituo. Kadi zote zimepangwa kwenye safu moja ndefu. Mtu akiandika herufi chache, JavaScript, lugha ninayoandikia mistari hiyo, inachukua kadi moja moja, inaligeuza jina lote kuwa herufi ndogo, kisha inauliza: je, hizi zilizoandikwa zimo humu ndani? Zikiwemo, kadi ndiyo hiyo. Si lazima jina zima. Andika "isik" unampata Isikeli. Andika "keli" unampata vilevile. Wazee wetu wenye vidole vinene wataniombea.

Nemani kasoma, kakuna kidevu. Akauliza kwa nini nimetumia amri ya find na siyo ya filter. Find ikikuta kadi ya kwanza inayolingana inasimama papo hapo, inakuletea hiyo moja. Filter inapita zote mpaka ya mwisho, inakuletea kila inayolingana. Na wakiwa wawili, mtani?

Nikamwambia Praneel anataka ukurasa mwepesi. Mtandao utakuwa wa kuokoteza, watu wana bando la kubahatisha, jibu liwe moja na liwe fupi. Jina, kijiji, kituo, basi. Umri nimeuondoa kwenye jibu, wa nini? Nemani akasema, haya, lakini wakiwa wawili? Nikamwambia ninyi wa kwenu ndio mnaofanana, sura mpaka majina, sisi tunatofautika. Ofisi nzima ikaangua kicheko. Na yeye akacheka. Akaupandisha hewani.


Jumatano, 6 Machi

Meli zote zimesimamishwa. Isikeli kaongea na mama yake kama dakika tatu. Kijiji kizima kinapanda kwenye Shule ya Wilaya, iko juu kilimani. Yeye atafuata baadaye. Kwanza anaingiza mashua ya kijiji ndani ya mikoko aifunge. Mama mdogo kamwambia mashua si ndugu yako. Kasema, Mama, mashua ndiyo inayotulisha. Simu ikakatika. Chaji au mtandao, sijui.

Mimi nilikuwa bafuni naosha nywele. Sikumwambia lolote.


Alhamisi, 7 Machi

Upepo. Huku Suva ni mkia tu wa kimbunga na bado bati la jirani limehamia uani kwetu. Kadavu simu haiingii. Mama mdogo anaimba nyimbo za kanisani kwa sauti ndogo, anarudia ubeti mmoja. Sina la kuandika.


Ijumaa, 8 Machi

Orodha za kwanza zimefika saa tatu asubuhi. Walimu waliandika kwa mkono, wakapiga picha, wakatuma kwa simu za setilaiti walizopewa. Nemani na wenzake wawili waliingiza bila kuinua kichwa. Kadi mia nne na kumi na moja kufikia saa sita.

Nimekimbia nyumbani kwa miguu, ukurasa uko wazi kwenye simu. Ningeweza kutafuta mwenyewe pale ofisini. Sikutaka. Nilitaka mama mdogo aandike kwa mkono wake. Nilitaka anione — sasa niseme ukweli.

Kavaa miwani. Nikamwambia, herufi nne tu, Mama mdogo, usihangaike na jina lote. Akabonyeza i, s, i, k, kwa kidole kimoja, kama mtu anayeminya jipu.

Isikeli Naulu. Kijiji: Natokalevu. Kituo: Shule ya Wilaya.

Aliketi sakafuni pale pale, magoti yake mabovu na yote. Akasema, huyu. Huyu hapa. Kisha akanishika mikono akaibusu, wa kulia na wa kushoto. Akasema Mungu hakunipa akili bure. Nililia. Nilijisikia mkubwa, nami nililia.

Saa tisa mwanamke wa kamati akapiga simu: kwenu kuna asiyejulikana alipo? Wanakusanya majina ya kuipa meli ya doria ijue ianzie wapi kutafuta. Mama mdogo akaniangalia. Nikamwambia sema hakuna, wetu tumempata. Akasema, kwetu hakuna, namshukuru Mungu.

Jioni akapiga simu redioni, kwenye kipindi cha salamu cha watu wa visiwani. Redio kule bado wanazo, za betri. Imesomwa kabla ya saa moja: Makereta wa mtaa wa Raiwaqa, Suva, anamsalimu mpendwa wake Isikeli aliye salama Shule ya Wilaya, asijali paa la bibi, avae nguo kavu.


Jumamosi, 9 Machi

Mwenyekiti wa kamati kampigia Praneel kushukuru. Watu mia sita na arobaini wametafuta kwenye ukurasa wetu. Nemani kanipigia saluti, kasema leo ananiita bosi, Jumatatu narudi kuwa mtu wa Kadavu.

Meli ya doria imeondoka alfajiri. Imeelekea upande wa mashariki wa kisiwa, kule kuna majina matano ya wasiojulikana. Mama mdogo kachemsha magimbi, kaunga samaki wa kopo kwa tui la nazi, kawapelekea jamaa wa hao watano anaowafahamu. Kasema haifai kushiba peke yako. Nimekula sahani mbili.


Jumapili, 10 Machi

Sijui naanzia wapi.

Kamati ilitupa dakika mbili za simu ya setilaiti, saa saba na nusu, baada ya ibada. Tulikaa kwenye veranda ya kanisa tukiwa na kofia zetu nyeupe. Mama mdogo alikuwa ameandika kwenye bahasha mambo ya kumwambia, asisahau. La kwanza lilikuwa soksi.

Mwalimu akapokea. Tukamsikia akipaza sauti kule: Isikeli Naulu, simu yako, Suva! Mama mdogo akajifuta macho mapema.

Ikaja sauti nzito, yenye kikohozi. Haloo, Makereta?

Mama mdogo akasema, wewe nani?

Ni mimi, Isikeli.

Isikeli gani?

Akakohoa. Halafu: mimi Koti, dada.

Mjomba Koti. Yule anayevaa koti la suti juani, kanisani na shambani, miaka yote. Nimemfahamu tangu nazaliwa. Amenibeba mgongoni kuvuka kijito mara ngapi? Sikuwahi hata siku moja kufikiri kwamba Mjomba Koti ana jina. Babu Isikeli Naulu alirithiwa mara mbili, na mimi nililijua hilo kama ninavyojua nina ini — lipo, hulifikirii.

Mama mdogo akauliza, Sufuria yuko wapi?

Mjomba akasema, si mmesema ninyi mmempata? Ijumaa vijana walikuwa mikokoni wanamtafuta, yeye na mashua. Redio ikasoma salamu zako. Isikeli yuko salama shuleni. Hapa kwetu hayupo, wakajua atakuwa Shule ya Wilaya ile nyingine, ya upande wa pili wa kisiwa, na huko mtu hafiki, njia zimefungwa. Wakarudi kurekebisha nyumba. Akasema, mimi nilidhani salamu ni zangu, dada. Nilishangaa kidogo lile la paa la bibi. Nikasema labda umechanganyikiwa kwa furaha.

Dakika mbili zikaisha.

Ijumaa mpaka Jumapili. Kulikuwa na watu ndani ya mikoko wanaliita jina lake, na sisi tukawarudisha nyumbani. Na meli tukaiambia kwetu hakuna.


Jumatatu, 11 Machi

Mama mdogo alikuwa mlangoni kwa kamati kabla hawajafungua. Jina la Isikeli sasa liko kwenye orodha ya wasiojulikana, la sita. Meli bado iko mashariki, bahari imechafuka, itazunguka kesho au keshokutwa. Vijana wa kijijini wamerudi mikokoni leo asubuhi. Siku tatu baadaye.

Nilifika ofisini nikafungua ule mstari. Neno lenyewe, find, herufi nne. Nikalifuta, nikaandika filter. Nikarudisha umri kwenye jibu. Haikuchukua hata dakika. Ndiyo inayoniua hiyo. Ingekuwa kazi ya wiki nzima ningekuwa na la kujitetea.

Nikaandika "isik". Majibu matatu. Isikeli Naulu wa Natokalevu, miaka 58 — Mjomba Koti. Isikeli mwingine wa kijiji cha jirani, miaka 4. Wa tatu kutoka kisiwa kidogo cha kaskazini, miaka 33. Wetu hayumo. Hakuwemo tangu Ijumaa. Ningeona umri tu, hamsini na nane, ningeshtuka. Umri nilisema wa nini.

Seva inatunza kila kilichoandikwa na watu. Nimevipitisha vyote kwenye mstari mpya. Mia mbili na kumi na wawili walipewa jibu moja pale palipokuwa na mawili au zaidi. Hatuna namba zao. Kamati imetoa tangazo redioni: wote waliotafuta kabla ya leo watafute tena.

Praneel kafunga mlango wa chumba chake tukiwa wawili. Kasema, jibu moja nilitaka mimi, dada, ripoti iandike jina langu. Ni mtu mwema. Lakini aliyeulizwa "wakiwa wawili?" siyo yeye. Niliulizwa mimi, mara mbili, nikajibu kwa mzaha.

Nemani leo hajanitania hata neno. Kaleta chai akaiweka karibu yangu akaondoka. Afadhali angenitukana.


Jumanne, 12 Machi

Tangazo limeweka namba ya ofisi. Nimesema simu zote nipokee mimi. Sabini na kitu. Wengi wao hakuna neno, jibu la kwanza lilikuwa ndiye. Mzee mmoja kacheka, kasema alipotafuta tena alishangaa mkewe kuwa vituo viwili, kumbe ni wajina wake, na kwamba ingekuwa wake wawili angejificha. Mwanamke mmoja akaniuliza polepole: kwa hiyo yule siyo dada yangu? Nikamsomea majibu yote matatu. Akasema asante, akakata. Sikujua hata anaitwa nani.

Nyumbani mama mdogo anamlaani mwalimu. Mwalimu gani huyo anaandika watu kama anahesabu kuku, kasema. Angeandika Koti, angeandika Sufuria, leo tungekuwa tunalia? Shangazi zangu wawili wamekuja kukaa naye, na wao wanamlaani mwalimu. Mwalimu wa watu, amelala sakafuni na watoto mia mbili, kaandika majina halali kwa mwandiko mzuri.

Nilikuwa naosha vikombe. Maji yanatiririka. Mama mdogo kaja nyuma yangu kanikumbatia. Kasema, pole mwanangu, ulijitahidi, wamekuharibia kazi yako.

Sikusema. Nimeandika hapa nisiweze kujidanganya baadaye: nilipata nafasi, na sikusema.


Jumatano, 13 Machi

Nimemwambia Nemani asubuhi. Kanisikiliza mpaka mwisho, kisha kasema, kosa namna hii halisemwi jikoni juu ya vikombe. Linapelekwa. Kaenda sokoni mwenyewe kununua fungu la mizizi ya kava, kinywaji chetu cha heshima, la kuombea radhi. Saa kumi kaja kwetu amevaa sulu yake nyeusi, kikoi cha heshima, na shati lililonyooshwa. Mwenye kosa hasemi mwenyewe, husemewa. Angesema mjomba wangu, lakini wajomba wangu wako chini ya maturubai Kadavu. Ikabidi aseme mtani.

Mama mdogo alipomwona ameketi mkekani, miguu amekunja, fungu mbele yake, akajua. Akazima redio.

Nemani akaitaja nyumba, akaitaja kaya ya bibi, akautaja ukoo. Sauti yake ilikuwa nyingine kabisa, wala siyo ya mtu anayenichokoza kuhusu mistari. Akasema: tumekuja na aibu yetu. Kosa si la mwalimu na orodha haikukosewa. Mashine iliagizwa isimame kwa mtu wa kwanza, na aliyeiagiza ni binti yenu huyu. Mimi niliiona, nikauliza, nikachekeshwa, nikaipandisha hewani. Tunaomba mtusamehe.

Nilikuwa nimeinama, naona nyuzi za mkeka tu.

Mama mdogo akasema, Vasi. Ulijua inaleta mmoja?

Nilijua.

Na ulijua sisi tuna wajina?

Nikasema, mimi ni Vasiti wa nne, Mama mdogo.

Mtu akipokea fungu akapiga makofi, yamekwisha, halizungumzwi tena, ndiyo desturi. Mikono yake ilikuwa mapajani. Haikuinuka.

Akasema, sitaligusa. Nikiligusa nitakuwa nimesema yamekwisha, na hayajaisha. Siwezi kusamehe kwa niaba ya mtu ambaye sijui yuko wapi. Akitoka huko aliko atalipokea mwenyewe. Asipotoka... Hakumaliza. Akasema, liacheni hapo.

Halafu akamwuliza Nemani kama amekula. Kampakulia. Mimi hakunipakulia.

Nemani wakati wa kuondoka kaniambia pale ngazini, hajakufukuza, mtani. Nikamwambia nyumba ni ya kwangu, kodi nalipa mimi, anifukuze vipi. Tukataka kucheka, tukashindwa.

Majuto ni mjukuu. Mjukuu mwenyewe tulimpa jina la babu, lote, halafu tukasahau kwamba tulishalitoa kwa mwingine.


Alhamisi, 14 Machi

Meli imefika upande wetu wa kisiwa jana mchana. Wamepata mashua. Imefungwa vizuri ndani ya mikoko, kamba mbili, haina hata mkwaruzo. Injini imefunikwa kwa shati lake la bluu. Yeye hayupo.

Mama mdogo kaambiwa na kamati kwa simu. Kauliza mafundo ni ya namna gani. Hawakujua. Kasema, ni ya babake, anafunga kama babake.

Kwa hiyo aliifunga, akavua shati, akaanza kurudi. Na Ijumaa watu walikuwa pale pale.

Leo kafagia nyumba yote. Alipofika kwenye fungu akalizunguka kwa ufagio, taratibu. Hakulisogeza. Usiku uliopita nilisikia anaongea, nikadhani ni sala. Alikuwa anataja majina, wajina wote wa ukoo na utani wao. Koti. Sufuria. Mguu wa Bata. Kiazi. Anawahesabu.


Ijumaa, 15 Machi

Orodha mpya imeingia saa nne kasoro, kutoka zahanati ya upande wa pili. Njia imefunguka jana. Kadi kumi na tisa. Nemani kanipigia kasema, usitafute hapa, nenda nyumbani. Sikukimbia safari hii. Nilitembea kama mtu anayebeba maji.

Mama mdogo alikuwa anachambua mchele. Nikampa simu. Akavaa miwani, akaandika. I, s, i, k.

Majibu manne.

Hakuketi sakafuni. Hakumtaja Mungu. Akanirudishia simu akasema, nisomee wote. Anza na wa kwanza.

Nikamsomea Koti. Nikasoma wa miaka minne. Nikasoma wa kaskazini. Wa nne: Isikeli. Basi, hakuna jina la pili. Kijiji, wazi. Umri, wazi. Kituo: Zahanati.

Akaniuliza, wewe unasemaje?

Ijumaa ile ningekuwa na jibu. Nikasema, sijui, Mama mdogo. Huenda ni yeye. Huenda ni wajina. Tupige.

Simu ya zahanati, iliyorudishwa jana, iliita mara tisa, tumefungua spika. Akapokea muuguzi, sauti ya msichana, ndiyo kwanza anaingia zamu. Nikamweleza. Kasema ndiyo, yupo Isikeli mmoja, ameletwa jana kwa machela kutoka pwani ya kusini, hajaonana naye bado, wamesema ana homa na anaongea kidogo. Akasema, ni wenu? Niandike ni wenu?

Nikamwangalia mama mdogo. Neno lilikuwa pale pale mdomoni mwake. Ndiyo, niandikie. Nililiona. Akalimeza.

Kasema, bado usiandike. Nenda ukamuulize, nyumbani kwao wanamwitaje?

Muuguzi kasema, sawa, nimtajie jina gani?

Nikafungua mdomo. Mama mdogo akaniziba kwa kiganja, kina vumbi la mchele. Usimtajie, akamwambia. Mwulize tu. Aseme mwenyewe.

Muuguzi kaacha simu mezani, hakukata. Tunasikia kandambili zake zinakwenda, pa, pa, pa, kwenye sakafu ya saruji. Zinapungua. Mama mdogo ameiweka simu mkekani katikati yetu, kando ya fungu. Naandika kwa sababu mikono yangu haina pa kukaa. Kiganja chake amekiondoa mdomoni kwangu, amekiweka begani. Hajakitoa.

Kandambili zimesimama. Kuna mtu anaongea kwa mbali, siwezi kusikia anasema nini.

Sasa zinarudi.